Farasi mstaafu wa mbio, aje Mikindani?

Swali: Shikamoo daktari. Naishi Mikindani, mkoani Mtwara, nina ekari 4 za mikorosho na minazi, na ng'ombe nimefuga tangu ujana wangu. Bosi wangu wa zamani huko Nairobi ana farasi aliyestaafu mbio za Ngong. Ana miaka 7, amehasiwa, na yuko tayari kunipa bure nikigharamia usafiri. Nataka wanangu wajifunze kumpanda, na baadaye nimtumie kutembeza watalii ufukweni. Nijiandae na changamoto gani?

Marahaba, ndugu yangu. Nitakupa jibu kwanza, sababu zifuate: kwa jinsi ulivyolipanga jambo hili, usimchukue. Sikukatazi kufuga farasi, na huko mwishoni nitakueleza ni kwa masharti gani ningekubali. Ila mpango wako una kasoro mbili kubwa. Unataka mnyama wa watoto na wageni, na unapewa mnyama aliyelelewa kwa kazi moja tu, kukimbia. Tena unamtoa kwenye ubaridi wa Nairobi unamleta kwenye fukuto la Mtwara, mahali ambapo karibu kila kitu kilichozoeleka kwa ng'ombe kinaweza kumdhuru. Watu huhofia ile ya kwanza. Mimi nahofia ya pili.

Tumjue kwanza ni mnyama gani. Farasi wa mbio za Ngong ni wa koo ya Thoroughbred, iliyokuzwa Uingereza karne za 17 na 18 kutokana na madume walioletwa kutoka Mashariki ya Kati. Ana kilo 450 hadi 550, ngozi nyembamba, miguu mirefu, na moyo wa kukimbia hata akiumia. Huanza kufundishwa akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi, na akifika miaka 2 au 3 yuko uwanjani anashindana. Huyu wako ana miaka 7: amestaafu, lakini hajazeeka hata kidogo, maana farasi akitunzwa huishi miaka 25, wengine hata 30. Kwa hiyo mzigo unaotaka kuubeba si wa msimu mmoja wa korosho. Mwanao aliye darasa la tatu leo anaweza kuoa na kuzaa, farasi huyo akiwa bado anadai majani uani kwako.

Sasa joto. Farasi hupoza mwili kwa jasho kuliko karibu mnyama yeyote mwingine tunayemfuga. Jasho lile ni lazima likauke ndipo mwili upoe, na hewa ya pwani yetu kuanzia Novemba hadi mvua zinapokolea ina unyevu mwingi mno. Jasho linachuruzika, mwili unabaki na moto wake. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Wewe unamshusha hadi mita chache kutoka kwenye maji.

Baadhi ya farasi, wakikaa wiki au miezi kwenye hali hiyo, hufikwa na jambo baya zaidi: tezi za jasho huacha kuitikia, mnyama anakauka. Waingereza waliopeleka farasi wao wa mbio India na kwenye makoloni mengine ya joto waliliona zamani. Utamkuta amesimama kivulini saa nane mchana, mianzi ya pua imepanuka, anahema kama aliyetoka mbioni, na ukimpapasa ngozi ni kavu, labda unyevu kidogo chini ya manyoya ya shingo. Joto la kawaida la farasi mzima ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Huyu atafika 40 na zaidi bila kuwa na homa yoyote. Dawa ya uhakika haipo. Tiba inayoaminika ni kumrudisha kwenye ubaridi. Yaani umelipia lori zaidi ya kilomita 1,400 kumleta, kisha unaambiwa mrudishe alikotoka.

Asipokauka jasho, bado utamfanyia kazi joto kila siku. Mazoezi ni alfajiri, yaishe kabla ya saa mbili asubuhi. Maji ni ndoo 2 au 3 za lita 20 kwa siku, na siku za joto kali zaidi ya hizo. Yaonje mwenyewe kwanza, kwa sababu visima vya karibu na bahari vina magadi na chumvi, na farasi huchagua maji. Akikataa kunywa, tumbo litafunga. Jasho humpotezea chumvi nyingi, basi apate kama gramu 30 za chumvi ya kawaida kila siku. Hilo angalau kwetu si tatizo, mashamba ya chumvi yametuzunguka Mtwara na Lindi yote.

Nije kwa wadudu, na hapa wewe wa Mikindani una historia mlangoni pako. Mwaka 1866 David Livingstone aliondoka hapo kuelekea Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa waliotoka India, nyumbu wa kubeba mizigo na punda. Mojawapo ya mambo aliyotaka kuyajua ni kama wanyama hao wangehimili mbung'o. Walikufa mmoja baada ya mwingine njiani, ingawa mwenyewe aliwalaumu pia askari wake kwa kuwapiga na kuwabebesha kupita kiasi. Miaka 50 baadaye, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza yalipoteza farasi kwa maelfu katika nchi hii, na wengi hawakuuawa na risasi. Ukanda wetu haukukosa farasi kwa sababu babu zetu hawakuwapenda. Nchi iliwakataa.

Mbung'o hawajaisha. Mikindani mjini na mashamba yaliyofyekwa una nafuu, lakini ukielekea Liwale, Nachingwea na bonde la Ruvuma hali ni nyingine, na lori litakalomleta linapita Rufiji. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ikimpata farasi haimchezei kama inavyomchezea ng'ombe wa kienyeji. Homa inakuja na kuondoka, anakonda huku anakula, tumbo la chini na miguu vinavimba, ufizi unageuka mweupe. Tafadhali usimchome ile dawa ya unga wa njano, diminazini, tunayowachoma ng'ombe, kwa kukadiria. Farasi huivumilia vibaya. Sindano inaweza kuacha uvimbe mkubwa, na dozi ikizidi kidogo inafika kwenye ubongo. Damu ipimwe kwanza, na dawa ichaguliwe na daktari anayejua kwamba mbele yake yuko farasi.

Halafu kuna usubi, wale wadogo wanaopita hata kwenye chandarua cha kawaida. Hao ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Farasi asiye na kinga akiupata kwa ile namna ya mapafu, asubuhi anakula, jioni povu linamtoka puani, na wengi hawapati siku ya tatu. Tiba hakuna, kuna chanjo tu, na chanjo hiyo huipati kwenye duka la dawa za mifugo la mtaani, ni ya kuagiza kwa utaratibu wa serikali. Uzuri ni kwamba Kenya nako ugonjwa huo upo, hivyo huenda amekwisha chanjwa. Daftari lake litasema. Usiku alale ndani ya banda lenye wavu wa matundu madogo sana, aingie kabla ya magharibi, atoke jua likishachomoza. Aidha achanjwe pepopunda, kwani katika wanyama wa kufugwa hakuna anayeuawa nayo kwa urahisi kama farasi, na kichaa cha mbwa.

Kupe nao. Wewe mfugaji wa ng'ombe una dawa ya kuogeshea ndani, na mkono utakuwasha kuitumia. Soma kibandiko. Ikiwa ni amitrazi, usimguse nayo, maana hufanya utumbo wa farasi usimame na kuziba. Ng'ombe wako walioga jana hapohapo, hawakudhurika; huyu atalala chini anagaragara.

Kwenye chakula naomba unisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu mbung'o huwezi kuwamaliza ila chakula unakinunua kwa mkono wako. Farasi hacheui wala hawezi kutapika. Tumbo lake ni dogo kwa mwili wake, limeumbwa kupokea majani kidogokidogo mchana na usiku, na kitakachoingia kikiwa kibaya hakina njia ya kurudi. Wa mbio hali yake ni mbaya zaidi: amelishwa nafaka nyingi na majani machache kwa miaka, na wengi wao hutoka uwanjani wakiwa na vidonda vya tumbo tayari. Anahitaji majani makavu ya asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kila siku, yaani kilo 7 hadi 9 na zaidi. Kwa mwaka ni tani 2.5 hadi 3 na zaidi. Chini ya mikorosho yako hamna tani 3 za nyasi nzuri, na hei ya marobota kutoka mikoa ya juu utalipia nauli kuliko hei yenyewe.

Utasema nitampa matete, yale majani ya tembo, na pumba. Matete yana oksaleti nyingi inayofunga chokaa, yaani kalsiamu, isiingie mwilini, na pumba zina fosforasi nyingi inayozidi kuivuta chokaa itoke kwenye mifupa. Ukimlisha hivyo miezi kadhaa uso wake unavimba, mifupa ya taya inakuwa laini, anachechemea mguu huu leo na ule kesho, nawe unatafuta mwiba kwenye kwato. Pumba kidogo si sumu. Tatizo ni kuifanya mlo, kama tulivyozoea.

Mahindi yaliyovunda nayo tuyazungumze. Mahindi yaliyoingiwa na ukungu, yale tunayosema "haya ya kuku", yanaweza kuwa na sumu ya fumonisini. Ng'ombe huistahimili kwa kiasi. Farasi humyeyusha ubongo, kwa maana halisi: anazunguka, anagonga ukuta, anakufa, na hakuna cha kufanya. Chakula cha kuku cha dukani ni hatari nyingine, na hii ndiyo ninayoogopa zaidi ukiwa na kijana wa kazi asiyejua. Baadhi ya vyakula hivyo huchanganywa monensini kuzuia ugonjwa wa kuhara damu kwa vifaranga. Kiasi kidogo cha dawa hiyo huharibu misuli ya moyo wa farasi. Gunia la kuku na farasi visikae stoo moja. Na kijana aambiwe kwa nini, siyo aamriwe tu.

Mabibo, yale matunda ya mkorosho, je? Msimu wa korosho yanamwagika chini kwa wingi, yana sukari, na farasi hupenda sukari kama mtoto. Akijishibisha, ile sukari inaweza kumletea uvimbe ndani ya kwato unaomfanya ashindwe kusimama. Maganda ya korosho yenyewe unayajua yanavyounguza midomo. Na mwezi wa Juni na Julai, mashine za kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, zinaponguruma na vumbi la njano limetanda shambani, mnyama ambaye mapafu yake yamefanyishwa kazi kupita kiasi uwanjani hatakiwi kuwa hapo. Farasi wengi wa mbio hutokwa damu kwenye mapafu wanapokimbia kwa nguvu zote. Kwa kifupi, eneo ulilonitajia, ekari 4 za mikorosho, silo pa kumfugia farasi. Minazi nafuu, ukishaangua madafu na nazi zilizokomaa.

Ardhi yetu ni mchanga. Akilamba majani chini kila siku anameza mchanga, unakaa kwenye utumbo mpana kwa kilo, siku moja msokoto wa tumbo unamwangusha. Majani yawekwe kwenye hori au kwenye turubai, kamwe yasitupwe chini. Chukua kinyesi kidogo mara moja kwa wiki, kikoroge ndani ya ndoo ya maji, kiache kitulie; ukikuta mchanga umetuama chini, unayo kazi.

Nimesema mengi bila kugusa mbio zenyewe, kwa makusudi. Tabia ya mbioni hurekebishika. Mwanzoni itakushangaza tu. Joki, yule mpanda farasi wa mbio, hukaa juu juu, magoti yamekunjwa, miguu haimkumbatii mnyama. Kwa hiyo mtu mzima akikaa akaning'iniza miguu na kumbana mbavu, farasi hajui ni amri gani, anadhani anatumwa. Ukivuta hatamu kwa nguvu ili asimame, yeye amezoea kuegemea lijamu na kuongeza mwendo. Hajazoea kusimama atulie wakati wa kupandwa, kwa kuwa joki hurushwa juu huku farasi akitembea. Ameishi ndani ya chumba saa nyingi kwa siku, analishwa kwa saa, anatoka na wenzake, anarudi. Ukimfungulia peke yake kwenye uwanja wa Mikindani, kuna mawimbi, kuna bodaboda, kuna watoto wa madrasa wanatoka kwa kelele, hana mwenzake wa kumwangalia. Atatimka, na Thoroughbred akitimka hutamkamata kwa miguu.

Wengine wanatoka na mazoea ya chumbani: kung'ata mbao na kumeza hewa, au kuyumba kulia na kushoto mlangoni mchana kutwa. Si ukorofi, ni matokeo ya kufungiwa, na mara nyingi hayaishi kabisa.

Farasi wa namna hii hupumzishwa miezi kadhaa kabla ya kufundishwa upya, chakula kikibadilishwa polepole kwa siku 10 hadi 14, kisha anafunzwa na mtu mzoefu kutembea, kwenda matiti (mwendo wa kukimbia polepole), kugeuka pande zote, kusimama. Inawezekana kabisa. Uingereza kuna shirika, Retraining of Racehorses, lililoanzishwa mwaka 2000 kwa kazi hiyo tu, na wengi wa farasi hao huwa wazuri sana mikononi mwa mpandaji mzoefu. Neno ni hilo, mpandaji mzoefu. Wewe unajifunza, watoto wanajifunza, farasi naye anajifunza: hapo hakuna mwalimu. Watoto wako wasimpande huyu. Na mtalii wa kilo 100 asimpande vilevile. Kanuni ya kawaida ni mzigo wote, tandiko likiwemo, usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi, na huyu kwa kilo 450 mwisho wake ni 90, ikiwa miguu ni mizima.

Miguu yenyewe ndiyo mara nyingi inayostaafisha. Uliza kano za nyuma ya miguu ya mbele. Zikishawahi kukatika nyuzi zake huunga, lakini si kama zamani, na mchanga laini wa ufukweni, ule wa juu mkavu, huzichosha kuliko ardhi ngumu. Kwato zinahitaji fundi kila wiki 4 hadi 6, meno yasawazishwe mara moja au mbili kwa mwaka. Arusha na Nairobi mafundi hao wapo. Kwako utamsafirisha fundi, umlaze, umlishe, umrudishe.

Karatasi sizirefushi. Kabla hajavuka Namanga unahitaji kibali cha kuingiza mnyama kutoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi na cheti cha afya cha daktari wa serikali ya Kenya, na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 haina utani na aliyepitisha mnyama kwa njia za panya. Anza kwa daktari wa mifugo wa wilaya yako, na muulize waziwazi kama yuko tayari kumhudumia farasi. Wengi wetu tulisoma farasi pale Sokoine, Morogoro, kisha tukaishi na ng'ombe maisha yote.

Masharti yangu basi. Abaki Nairobi kwanza, apumzishwe na afundishwe upya huko kwa gharama mtakayokubaliana, nawe uende ukamwone akipandwa na mtu mwingine, si na aliyemfuga. Aje Juni au Julai wakati wa kusi, joto likiwa chini, na safari ikatwe kwa mapumziko. Uwe na eneo lisilo na mikorosho. Awe na mwenzake. Punda anatosha, ingawa punda anaweza kubeba kirusi cha ule ugonjwa wa usubi bila kuonyesha dalili, hivyo naye alale ndani ya wavu. Uwe na fedha ya mwaka mzima wa matunzo mkononi kabla lori halijaondoka. Na mwandikiane kwamba ukishindwa anarudi kwake, kwa gharama ya nani, maana farasi aliyeshindikana Mtwara hana soko. Hanunuliwi na mchinjaji, na halimi. Ujue pia nani atamuua bila kumtesa siku akivunjika mguu, kwa sababu mguu wa farasi uliovunjika ni nadra kuunga, na ujue shimo la mnyama wa nusu tani litachimbwa wapi, mbali na kisima.

Kama lengo lako hasa ni watoto na watalii, nunua punda wawili wapole wenye afya. Mbung'o huwadhuru nao, ila wanavumilia joto, majani makavu na ufukwe kuliko mgeni wako, na mtoto akianguka anaanguka kutoka karibu. Najua punda hana fahari ya farasi wa Ngong. Lakini fahari si uliyoniuliza.

Kwa sasa mwandikie bosi wako maswali haya: farasi aliacha mbio kwa sababu gani hasa, amewahi kuumia kano au kutokwa damu puani, daftari lake la chanjo liko wapi na chanjo ya mwisho ilikuwa lini, anang'ata mbao, tangu astaafu nani amempanda, mara ngapi, na yuko tayari kukutumia video. Ukipata majibu, niletee pamoja na picha za miguu yake minne, zipigwe kwa pembeni akiwa amesimama kwenye sakafu ngumu.